Sosi, Achari na Viungo: Je, Vinamfaa Mgonjwa wa Figo?

*Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama mwenzetu, muuguzi mstaafu, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi*

Ndugu Mwenyekiti, ndugu Katibu na Mweka Hazina, wageni waalikwa, akina mama wenzangu wa hapa Mbeya, na ninyi wa kikundi ndugu mliopanda basi kutoka Iringa: nawapongeza kwa kutimiza miaka 10. Sanduku letu lenye kufuli tatu limefunguliwa na kufungwa mara nyingi, na halijawahi kutia mtu aibu.

Kamati iliponiomba nizungumze, iliniambia hivi: "Usituletee somo la darasani. Jibu swali la mwenzetu." Swali lenyewe mnalifahamu, maana liliulizwa katika kikao cha kununua hisa. Mwenzetu mmoja, ambaye mume wake ameambiwa hospitali kwamba figo zimepungua nguvu, aliuliza kama pilipili yetu ya chupa na achari yetu ya maembe vinamfaa mgonjwa, au aviondoe mezani. Kikao kilikaa kimya. Kila mmoja alijua kwamba mradi wa pilipili na achari ndio unaotunisha mfuko wetu wa jamii, na mfuko huo ndio unaotusaidia tukipata msiba au ugonjwa. Basi swali la afya likawa pia swali la biashara yetu. Leo nitalijibu bila kuficha.

Figo hufanya kazi gani

Kila mtu ana figo mbili, kila moja kama ukubwa wa ngumi, zimekaa mgongoni chini ya mbavu. Kazi yake ni kuchuja damu, kutoa uchafu na maji ya ziada kwa njia ya mkojo, na kupima chumvichumvi za mwili zisizidi wala zisipungue. Figo pia husaidia mwili kutengeneza damu na kuimarisha mifupa.

Magonjwa mawili yanayoharibu figo za watu wazima zaidi ya mengine ni kisukari na shinikizo la damu, yaani presha. Ubaya wake ni kwamba figo haipigi kelele. Mtu anaweza kulima, kwenda sokoni na kucheza ngoma huku figo zimeshapungua sana. Kinachoonyesha ni vipimo: kupima damu kuona kreatinini, na kupima mkojo kuona kama protini inavuja. Ugonjwa ukifika mwisho, mgonjwa anahitaji kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 2 au 3 kila wiki, au kupandikizwa figo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina huduma ya kusafisha damu. Upandikizaji wa kwanza wa figo hapa nchini ulifanyika Muhimbili Novemba 2017, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini aliyewahi kuuguza anajua kwamba kila safari ya hospitali ni nauli, ni siku ya kazi iliyopotea, ni mtoto aliyebaki nyumbani peke yake. Kwa hiyo kazi ya jikoni ya kuzichelewesha figo zisifike huko ni kazi ya maana sana.

Chumvi nayo ni haba na haba

Sisi watu wa vikundi tunapenda kusema haba na haba hujaza kibaba. Tunasema hivyo juu ya hisa. Sasa naomba tuseme hivyo hivyo juu ya chumvi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, karibu kijiko kimoja cha chai, kisichojaa kupindukia. Miongozo ya kimataifa ya ugonjwa wa figo ya mwaka 2024 inataja kiasi hicho hicho kwa wagonjwa, isipokuwa daktari awe amemwambia mgonjwa vingine. Duniani kote watu kwa wastani wanakula karibu mara mbili ya hapo. Kitu kilichomo ndani ya chumvi kinacholeta matatizo kinaitwa sodiamu. Figo iliyochoka inashindwa kuitoa. Sodiamu ikibaki, inashika maji: miguu inavimba, presha inapanda, na presha ikipanda inaiumiza ile figo iliyobaki. Kwa aliye kwenye mashine ni zaidi, maana chumvi inaleta kiu, kiu inamfanya anywe maji, na maji hayana pa kutokea mpaka siku ya mashine. Anafika hospitali kifua kimebana.

Mtaniambia, "Lakini mimi mchuzi wa mgonjwa simwekei chumvi." Vema. Hebu tufungue daftari tuhesabu kama tunavyohesabu marejesho. Asubuhi kala maandazi yaliyowekwa bekingi pauda. Humo mna sodiamu. Mchana kala maharage yaliyopikwa kwa magadi, sodiamu tena. Jioni mchuzi umeungwa kwa vile vipande vya mraba vya dukani. Chukua kipande cha gramu 4 ambacho nusu yake ni chumvi. Ukitia viwili kwenye sufuria ya watu wanne, kila mmoja amekula gramu 1 ya chumvi na hakuna aliyegusa kopo la chumvi. Halafu mezani kuna sosi. Hakuna hata kimoja kinachoonekana kuwa kikubwa, lakini jioni kibaba kimejaa.

Kwa hiyo tunapouliza kama sosi fulani inafaa, tujue kwanza ina chumvi kiasi gani, anaila kiasi gani, na siku hiyo amekula nini kingine.

Tupime chupa moja moja

Nianze na ya kwetu. Tukitia gramu 30 za chumvi katika kila kilo 1 ya pilipili, kijiko kimoja cha chai, ambacho ni kama gramu 5, kina gramu 0.15 tu za chumvi. Hiyo ni sehemu ndogo sana ya zile gramu 5. Pilipili yenyewe haina ubaya kwa figo, na kwa sababu ni kali, mtu hali nyingi. Mgonjwa anaweza kuionja kidogo pembeni ya sahani.

Achari ni habari nyingine. Achari inahifadhiwa kwa chumvi. Ndiyo maana haiozi. Tukitia gramu 100 za chumvi kwa kilo 1, kijiko kimoja cha chakula, yaani gramu 15, kinabeba gramu 1.5 za chumvi. Hiyo ni karibu theluthi ya chumvi ya siku nzima kwa kijiko kimoja! Na achari hakuna anayekula kijiko kimoja. Basi namjibu mwenzetu waziwazi: pilipili yetu, kidogo, sawa, achari yetu, asimpe. Na kama ni achari ya birimbi inayoletwa kutoka pwani, hapo kuna jambo la pili. Birimbi lina asidi ya oksaliki nyingi, na huko Kerala, India, madaktari wamewahi kuandika habari za watu walioumia figo baada ya kunywa maji ya birimbi mengi. Mwenye figo mbovu akae nalo mbali.

Sosi ya nyanya ya chupa ina chumvi ya kiasi. Kijiko cha chakula mara nyingi kina chumvi isiyofika nusu gramu. Tatizo lake ni mkono. Kwenye chipsi, nani anapima kwa kijiko? Tena ina sukari, na wagonjwa wengi wa figo wana kisukari pia. Soya sosi, ile nyeusi, ndiyo kali kuliko zote: kijiko kimoja cha chakula kinaweza kuwa na zaidi ya gramu 2 za chumvi. Hiyo iondoke kabisa kwenye meza ya mgonjwa.

Dukani soma maandishi ya nyuma ya chupa. Vitu huandikwa kuanzia kilicho kingi. Ukiona chumvi imetajwa ya kwanza au ya pili, umeshapata jibu. Pakiti nyingine hazitaji chumvi, zinataja sodiamu kwa miligramu. Kumbuka hesabu hii moja: miligramu 400 za sodiamu ni sawa na gramu 1 ya chumvi. Na ukiona neno lolote lenye herufi p-h-o-s ndani yake, ujue wametia fosfeti, ambayo figo mbovu inashindwa kuitoa na ambayo hudhoofisha mifupa na kuharibu mishipa ya damu. Utaikuta mara nyingi kwenye soseji na soda nyeusi.

Magadi, na sababu ya sisi wa nyanda za juu kuyapenda

Hapa nataka tuelewane, maana hatutii magadi kwa ujinga. Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa haiko chini sana ya hapo. Huku juu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Hapa Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Ndiyo maana maharage ya hapa yanachukua muda mrefu jikoni kuliko Dar es Salaam, na mkaa unaisha. Magadi yanalainisha maharage haraka na kuokoa mkaa. Ni akili ya mama.

Lakini magadi ni sodiamu. Magadi safi ya mawe yana zaidi kidogo ya robo tatu ya sodiamu iliyomo kwenye chumvi ya uzito huo huo, ila hayana ladha ya chumvi ya kutuonya. Na yale ya maji ya majivu, anayochuja bibi kutoka maganda ya maharage au ya ndizi, yana potasiamu nyingi, ambayo kwa mwenye figo mbovu ni hatari zaidi, kama nitakavyoeleza. Kama daktari amempa mgonjwa vidonge vya sodiamu baikaboneti, hiyo ni dawa yenye kipimo. Haina maana kwamba magadi yameruhusiwa.

Njia mbadala ipo. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya, ndipo uchemshe. Maharage yanaiva mapema zaidi na sehemu ya potasiamu inaondoka na maji ya kulowekea. Mwenye sufuria ya presha, hiyo ni bora zaidi. Na kama wengi hatunayo, nitarudi kwenye hilo.

Tahadhari ya "chumvi ya wagonjwa"

Siku hizi madukani kuna chumvi inayouzwa kwa jina la chumvi yenye sodiamu kidogo. Jamani, hapa naomba kila mmoja asikie. Chumvi hiyo imepunguzwa sodiamu na mahali pake imewekwa potasiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima inaweza kumsaidia presha. Kwa mwenye figo mbovu potasiamu inaweza kujaa kwenye damu, na ikijaa inavuruga mapigo ya moyo, hata moyo kusimama ghafla. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Januari 2025 unaopendekeza chumvi za namna hiyo umewatoa wagonjwa wa figo nje ya pendekezo hilo. Mtu anamnunulia mgonjwa kwa upendo, tena kwa bei kubwa, kumbe anamletea hatari. Usinunue bila kumwuliza daktari.

Na hizi nyingine, chumvi ya mawe, chumvi ya pinki kutoka ng'ambo, hata chumvi ya Ivuna kule Momba ambayo wazee wetu waliichemsha kutoka chemchemi tangu kale, zote ni chumvi. Rangi haipunguzi sodiamu. Kwa familia tuendelee na chumvi yenye madini joto, ila kidogo. Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi rovu lilivyokuwa kwenye shingo za watu wa milima hii. Hatutaki kurudi huko.

Nyanya zetu

Wenzetu wa Iringa watanikasirikia nikigusa nyanya. Nyanya za Ilula zinakwenda mbali, na jina la Dabaga limekaa kwenye chupa za sosi kwa miaka mingi. Sisemi nyanya ni sumu. Nasema nyanya ina potasiamu, na nyanya ya kopo ni nyanya nyingi zilizokazwa: kijiko kimoja cha chakula kina potasiamu ya karibu nusu ya nyanya nzima. Ndizi za Rungwe, parachichi, viazi mviringo na maharage vinayo pia.

Hata hivyo msikimbilie kumkataza mgonjwa kila kitu. Si kila mgonjwa wa figo ana potasiamu iliyozidi. Kipimo cha damu ndicho kinachosema, na kinabadilika. Mgonjwa mwenye potasiamu ya kawaida anaweza kula mchuzi wa nyanya ya kawaida. Aliyeambiwa imezidi, basi nyanya moja kwenye sufuria badala ya nne, nyanya ya kopo iachwe, na viazi vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi na maji yamwagwe.

Mgonjwa asinyimwe ladha

Kuna kosa la upande wa pili. Mgonjwa anapewa chakula kisicho na chumvi wala kitu chochote, anaonja mara mbili, anasukuma sahani. Figo zenyewe zinapunguza hamu ya kula. Basi anakonda, nguvu zinaisha, na ndugu wanasema ugonjwa umezidi, kumbe njaa imo. Chakula cha mgonjwa ni lazima kiwe na ladha, ila itoke mahali pengine.

Na tunavyo. Ndimu na limao kidogo likamuliwe chakula kikishaiva. Siki. Kitunguu maji kilichokaangwa mpaka kikawa cha kahawia. Kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa. Manjano, bizari nyembamba, pilipili manga, iliki, mdalasini. Majani ya giligilani. Pilipili mbuzi moja nzima iliyotupwa juu ya mchuzi bila kupasuka, itoe harufu. Kachumbari ya kitunguu na kabichi kwa siki, bila chumvi. Kwa viwango tunavyotumia jikoni, hivi havina chumvi ya kuhesabika. Ila angalia pakiti ya bizari ya kuchanganywa dukani, nyingine zimetiwa chumvi. Ulimi nao unafundishika. Ukipunguza chumvi polepole, baada ya wiki chache chakula cha zamani kitaonekana ni cha chumvi kupita kiasi.

Na tusimpikie mgonjwa sufuria yake pembeni kama mtu aliyetengwa. Pika sufuria moja, chumvi kidogo, viungo vya kutosha, wote mle. Anayetaka zaidi aongeze kwenye sahani yake. Wengi wetu hapa tuna presha, na wengine hatujui kama tunayo; sufuria hiyo inatufaa sisi pia.

Mambo manne ninayoomba kikundi kiyakubali

Kwanza, mradi wetu. Tuanze kupima chumvi kwa mizani kila tunapotengeneza, siyo kwa kiganja, na tuandike kwenye karatasi ya chupa kwamba kijiko kimoja kina chumvi kiasi gani. Mteja akijua tunasema kweli, atarudi.

Pili, tujaribu pilipili isiyo na chumvi, ya siki, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, kwa chupa ndogo. Bila chumvi haitakaa muda mrefu kama ile nyingine, kwa hiyo tuitengeneze kwa oda, chache chache, tuandike tarehe, na tutafute ushauri wa afisa lishe na wakaguzi wa chakula kabla ya kuuza. Achari tuendelee nayo, ila tuandike bayana kwamba haimfai mgonjwa wa figo wala wa presha. Labda tutapoteza wateja wachache. Afadhali hao kuliko kumwuzia jirani kitu tunachojua kitamdhuru.

Tatu, mkopo mdogo wa sufuria ya presha kwa wanaotaka, urejeshwe kidogo kidogo kwa fedha itakayookolewa kwenye mkaa.

Nne, kila mwaka kabla ya kugawana, mfuko wa jamii utenge fedha ili kila mwanachama apimwe presha, sukari na mkojo. Yeyote mwenye kisukari au presha apimwe na kreatinini. Tunatoza faini kwa kuchelewa kikao. Sioni kwa nini tushindwe kukumbushana kipimo.

Yale niliyosema ni ya jumla. Kila mgonjwa ana vipimo vyake, na aende na maswali yake kwa daktari na afisa lishe, akiwa na orodha ya vitu anavyokula kweli, magadi na vipande vya kuungia mchuzi vikiwemo. Wao hawawezi kujua kilichomo sufuriani kwetu tusipowaambia.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mambo haya manne yaingizwe kwenye agenda ya kikao kijacho, yapigiwe kura.